Kiti Namba Mbili

Jumamosi, 2 Machi

Muuguzi wa wodi ya tatu ameniambia niwe naandika. Anasema hasira zangu nizimwage kwenye daftari kabla sijazimwaga kwenye supu ya wagonjwa. Daftari lenyewe nimelitoa jikoni kazini, kurasa za mwanzo zina orodha za milo ya mwaka juzi. Haya, namwaga.

Wifi amekuja leo na mvua yake. Hakupiga hodi. Ana ufunguo, alipewa na mdogo wake, yaani mume wangu, bila mimi kuulizwa. Amekaa kwenye kiti changu, akafungua mkoba, akatoa makaratasi. Mama mkwe anatimiza miaka sabini mwezi wa nne, kwa hiyo tunakwenda siku tatu kwenye bustani ya burudani, ile yenye mabembea makubwa na treni inayopinduka angani, na hoteli yake humo humo. Watu sita: Mama mkwe, wifi na mumewe kinyozi, mume wangu, mimi na mtoto. Kila mlo unaagizwa mapema kwa fomu, na fomu ameniletea mimi.

"Si wewe ndiye mpishi, wifi?"

Ndiyo, mimi ni mpishi wa hospitali. Mwaka wa kumi na moja huu napikia watu wasiotaka kula. Lakini jinsi alivyolitamka hilo neno, ungedhani ni ugonjwa nilioupata kwa uzembe.

Halafu akatoa la pili, mtoto akiwa amesimama pale pale mlangoni, soksi zimelowa. "Mtoto amekonda. Miaka miwili uko humu ndani, hajatia mdomoni chakula chako hata kijiko. Sasa tusidanganyane. Huko utampangia wewe. Akila, yaishe. Asipokula, muhula mpya ataanza akiwa kwangu."

Mume wangu ni fundi wa lifti. Kazini ananing'inia kwenye shimo la ghorofa kumi na mbili na tochi mdomoni. Mbele ya dada yake hata kukohoa anaomba ruhusa. Amesema, "Tutaona."

Mtoto ni wake. Ana miaka tisa, mama yake alifariki akiwa na mitano. Kila Jumapili wifi analeta mikebe saba ya plastiki, mmoja kwa kila siku, anaipanga kwenye friza yangu kwa mkono wake, na mimi kila jioni nautoa mmoja napasha. Anasema ni chakula cha marehemu, kama marehemu alivyokipika. Miaka miwili nimekuwa mpasha chakula ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Niseme ukweli, maana daftari halina mdomo. Mtoto mwenyewe simpendi sana. Ni kama kuishi na mpangaji asiyesalimia. Lakini wifi aje kunitolea mtu nyumbani kwangu kwa sababu ya upishi? Upishi? Atanikoma.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua. Mfereji wa jikoni umeziba, tumemenya viazi tukiwa tumesimama majini.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma fomu yote, na masharti ya nyuma yenye herufi za kusomea kwa miwani. Milo saba, watu sita, sahani arobaini na mbili. Wahudumu hawaangalii majina, wanapeleka sahani kwa namba ya kiti. Ukikaa kiti namba nne unaletewa cha namba nne. Kuna nafasi ya kuandika mahitaji ya kiafya, na yakishapokelewa hayabadilishwi.

Sharti la kumi na nne linasema chakula cha kutoka nje hakipiti getini.

Nimelisoma mara mbili, nikakunja karatasi. Wifi siku ya kuondoka atakuwa anapanga mikebe ya safari. Apange tu. Sitamwambia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeanza kuwauliza wanakula nini. Mama mkwe hana neno, ila hataki kitu kiguse kitu. Wali ukiguswa na mchuzi, sahani imekufa. Anataka kila kitu kwenye kibakuli chake, na kijiko chake. Kinyozi hataki kukiona kitunguu. Akikila bila kukiona, sawa. Akikiona, anasukuma sahani na kusema tumbo limefunga. Mume wangu amesema, "Mimi nakula chochote." Nilipoanza kuandika chochote, kumbe si maboga, si njegere, si samaki mwenye kichwa, si kuku mwenye ngozi, na yai liwe limeiva mpaka likauke. Miaka miwili nampikia na nilikuwa sijui kwamba alikuwa anavumilia. Nimemwambia, "Kumbe na wewe una orodha." Akacheka. Mimi sikucheka.

Mtoto nimemuuliza, akaangalia ukuta.

Basi nitafanya tunavyofanya hospitalini. Mgonjwa akikataa kula, sisi watu wa jikoni hatumbembelezi, tunaangalia kinachorudi. Trei ikirudi tunaandika: amemaliza, nusu, robo, hakugusa. Siku saba hivyo, halafu ndipo unajua unashughulika na nani. Naanza leo na mikebe ya wifi.

Jumapili, 10 Machi

Wifi na mikebe. Nimemuuliza na yeye. "Mimi sina shida, wifi, niwekee chochote kizuri." Halafu akaongea muda ambao ungetosha kuchemsha maharage. Nyama isiwe na mafuta lakini isiwe kavu. Chai iwe inachemka. Mchuzi usiwe na unga. Mkate wa jana hapana. Matunda yakatwe mbele yake. Yeye ni mwalimu, na kazi anayoipenda kuliko zote ni kusimamia mitihani. Hata jikoni kwangu alikuwa anatembea hivyo hivyo, mikono nyuma, anachungulia sufuria.

Amefunika sufuria yangu moja kwa vidole viwili, kama mtu aliyekuta panya. Nimeuma meno mpaka masikio yakapiga kelele.

Jumanne, 12 Machi

Amemaliza. Amemaliza. Amemaliza. Amemaliza. Kila mkebe unarudi mtupu.

Ijumaa, 15 Machi

Mtu anayemaliza hivyo hakondi. Jambo hilo limenikaa kichwani juma zima, na leo nimemwomba mwenzangu anishikie zamu ya jioni, nikarudi nyumbani mapema.

Mkebe niliompashia kabla ya kwenda kazini ulikuwa kwenye beseni, mtupu. Mtoto hayupo. Nimeshuka ngazi, nimezunguka nyuma ya jengo, kwenye mapipa. Alikuwa amesimama pale chini ya mwavuli wa baba yake, mkubwa kuliko yeye, anamimina chakula kutoka mfuko wa nailoni polepole, anakazana kisimwagike nje ya pipa.

"Unafanya nini?"

Alishtuka, mwavuli ukaanguka. Mvua ikatupata wote wawili.

"Usimwambie shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Ni kibaya?"

Alifikiri. Ni mtoto anayefikiri kabla ya kujibu, nilikuwa sijui, maana sikuwahi kumsubiri. "Anasema ni cha mama. Si cha mama. Cha mama kilikuwa vingine. Nikila hiki, nasahau kile kilivyokuwa."

Nimeokota mwavuli, nimemfunika. Nikauliza, "Na changu?"

"Nilimwahidi shangazi. Siku ya harusi yenu. Alisema nikila cha kwako, ndiyo nimemzika mama mara ya pili."

Nimefanya kazi na watu wakali. Madaktari wamenitupia trei. Lakini sijawahi kutaka kumshika mtu shingo kama nilivyotaka kumshika wifi dakika ile. Mtoto wa miaka saba unamwambia maneno hayo, siku ya harusi, mdomoni una keki yangu!

"Unakula nini basi?"

"Mkate wa shule. Maziwa. Rafiki yangu ananipa yai lake."

Nimemuuliza kama anataka kwenda kukaa kwa shangazi yake. Akatikisa kichwa haraka. "Kwake hakuna pa kumwaga. Anakaa mbele yangu mpaka nimeze."

Tulipofika ngazini akanishika mkono wa koti. Mara ya kwanza kunigusa kwa hiari yake. "Usimwambie. Anapika huku analia. Nilimwona."

Nimeahidi. Sasa nina silaha ambayo ingemmaliza wifi kwa sentensi moja, na nimejifunga mwenyewe nisiitumie. Na nimeona kitu kingine: yule si mpangaji. Yule ni mtoto mwenye njaa, nami ni mpishi, na miaka miwili nilikuwa nimeshughulika na kununa.

Jumapili, 17 Machi

Wifi na mikebe. Nimempokea, nimemshukuru. Mtoto alikuwa ananiangalia mdomo muda wote.

Alipoondoka nimemwita mtoto mezani, nikamwonyesha fomu. "Huko hapiki shangazi wala sipiki mimi. Anapika mtu tusiyemjua. Hujamwahidi yeyote kuhusu huyo." Akasoma orodha ya vyakula kwa kidole. Tumemwekea kiti namba tano, kando yangu: wali mweupe, yai la kukaanga pembeni, viazi vya kukaanga, mkate usio na ganda, ndizi. Milo yote saba amechagua mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nimemsikia akisema kitu bila kuulizwa. "Yai liwe na kiini laini," amesema. "Baba ndiye anapenda lililokauka."

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Nimeungua kidole. Mtoto anameza maziwa glasi mbili asubuhi, nanunua ya ziada na sisemi kitu.

Alhamisi, 28 Machi

Leo nimefanya kitu.

Saa nne nilikuwa kwenye foleni ya duka la sare za shule, nimetumwa na jirani. Muuza duka ananifahamu kwa sura. "Shangazi yake mtoto wenu ameshachukua zile za shule mpya," akasema, "ila sketi itabidi irudishwe, kiuno kikubwa." Shule ipi mpya? Akanitajia. Ni ile iliyo mtaa wa wifi. Amechukua lini? Mwezi wa pili.

Mwezi wa pili! Kabla hajaja kwangu na makaratasi yake, kabla ya "akila, yaishe." Hakuna mtihani wowote. Msimamizi ameshaandika matokeo na watahiniwa bado hawajakaa. Nimempigia mume wangu simu, nikasikia lifti ikilia nyuma yake. Halafu akasema, "Aliniambia ni tahadhari tu." Alijua. Nimekata simu kabla sijasema lisilorudishika.

Fomu ilikuwa inafungwa leo saa kumi. Niliijaza kwenye kompyuta ya hospitali. Mama mkwe, vibakuli. Kinyozi, bila kitunguu cha kuonekana. Mtoto, kama alivyochagua. Nilipofika kiti namba mbili, cha wifi, mikono ilikwenda yenyewe kwenye sehemu ya mahitaji ya kiafya, na nikaandika kama ninavyoandika kila siku kwa wodi ya wasiotafuna:

Mlo wa kusagwa. Bila chumvi, bila sukari, bila mafuta, bila viungo. Utolewe ukiwa vuguvugu. Mgonjwa asibadilishiwe hata akiomba.

Nikaweka jina, cheo, na jina la hospitali. Milo saba. Nikabonyeza.

Nimepika mlo huo miaka kumi na moja. Unafanana na gundi ya kubandikia karatasi, na ladha ni hiyo hiyo. Namwona wifi akiinua kifuniko mbele ya mama yake na mumewe. Nimecheka peke yangu kwenye basi.

Jumanne, 2 Aprili

Ungedhani silali kwa majuto. Nalala fofofo.

Jumanne, 9 Aprili

Jibu limekuja: maagizo yamepokelewa, hayatabadilishwa. Mvua imepungua. Mtoto ameuliza mara tatu kama yai halitasahaulika.

Ijumaa, 12 Aprili

Naandika hotelini, jioni, watu wengine wako kwenye gurudumu kubwa. Mimi nimebaki. Hakuna aliyenibembeleza niende.

Tumefika getini saa tano. Wifi alikuwa na begi la barafu begani, limejaa mikebe. Mlinzi akalifungua. "Chakula cha nje hakiruhusiwi, mama."

"Ni cha mtoto. Ana matatizo ya kula."

"Kama ana matatizo imeandikwa kwenye fomu. Nani alijaza fomu?"

Wote wakanigeukia. Wifi akanikazia macho mpaka nikahisi joto. "Ulijua?"

"Imeandikwa nyuma, wifi. Sharti la kumi na nne."

Mikebe ikabaki kwenye kibanda cha mlinzi. Nilijisikia mshindi. Naliandika hilo kwa sababu lilidumu kama saa moja tu.

Ukumbi wa chakula ni mkubwa, meza za duara, kila kiti kina namba ya shaba mgongoni. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Namba moja Mama mkwe, mbili wifi, tatu kinyozi, nne mume wangu, tano mtoto, sita mimi. Mama mkwe akakaa chake. Mtoto akatafuta tano, akaikuta, akaigusa. Ndipo wifi akasema, "Hapana. Leo ni siku ya bibi yake, mjukuu akae kando ya bibi. Njoo hapa, mwanangu. Mimi nitakaa huko kwa mama yako wa kambo, nimwone anavyokula vizuri."

Akamwinua mtoto, akamkalisha namba mbili. Mwenyewe akaja tano, akavuta kiti karibu yangu.

Nilitakiwa niseme. Nilikuwa na nafasi, hata dakika mbili nzima. Ningesema, "Wifi, viti vina namba, mrudishe." Angeuliza kwa nini. Nikaanza kupiga hesabu ya uongo gani ungefaa, na nikiwa bado nauchagua, mhudumu akaja na toroli, vifuniko vya bati vinang'aa. Akaweka, akaweka, akafunua vyote kwa mpigo mmoja.

Mbele ya wifi: wali mweupe, yai lenye kiini laini, viazi vimekatwa vidogo. Mbele ya mtoto: bakuli la kijivu.

Mtoto aliangalia bakuli, halafu akaniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa hivyo, na nisingependa niangaliwe hivyo tena.

"Mnaona?" Wifi hakupaza sauti, hakuhitaji. "Mnaona anachomwagizia mtoto wa marehemu? Mama, umeona? Na wewe fundi, tazama! Hata mbwa hapewi."

"Badilishaneni sahani," nikasema. "Ni makosa ya kiti. Hiyo ya kwako ndiyo yake."

Nikanyoosha mkono, lakini mhudumu akaniwahi. Kijana mpole, amenyooka, tai imekazwa. "Samahani sana, mama. Kiti namba mbili kina maagizo ya hospitali. Haturuhusiwi." Akatoa karatasi mfukoni na kwa nia njema kabisa akasoma, sauti ya kutangazia. Mlo wa kusagwa. Bila chumvi. Vuguvugu. Mgonjwa asibadilishiwe hata akiomba. Akasoma na jina langu, na cheo changu.

Kinyozi akaweka uma chini.

"Mgonjwa ni nani?" akauliza mume wangu.

Ningeweza kusema kompyuta imekosea. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mtoto alikuwa bado ananiangalia, na alikuwa anasubiri kujua kama yale ya mwavuli yalikuwa kweli au la. "Hakuna mgonjwa," nikasema. "Kiti namba mbili kilikuwa cha wifi. Nilimwagizia yeye. Makusudi. Kwa sababu ameshanunua sare za shule mpya tangu mwezi wa pili, na amekuja kunipa mtihani ambao ameshausahihisha."

Hata Mama mkwe aliacha kutafuna. Wifi akasimama. Mashavu yake yalikuwa yanacheza. "Mtoto anaondoka nami leo. Leo hii. Mdogo wangu, huyu uliyemwoa angeweza kututilia sumu."

Mume wangu aliangalia meza. Nilijua anatafuta "tutaona" yake.

Mtoto akauliza, "Hiki amekiagiza nani?"

"Mimi," nikasema.

"Unakipika hivihivi? Kazini?"

"Hivihivi."

Akachukua kijiko.

Wifi ndiye aliyepiga kelele. "Usile! Acha! Weka chini hicho kijiko, usile!" Ukumbi wote uligeuka. Alikuwa ameinamia meza, amenyoosha mkono kumzuia mtoto asile, yeye aliyetuleta hapa ili mtoto ale, na nadhani alijisikia mwenyewe, maana mkono ulibaki hewani.

"Dada," mume wangu akasema. Hakuinua macho. "Mwache ale."

Mtoto akatia mdomoni. Akakunja uso wote. Akameza kwa shida.

"Kibaya," akaniambia.

"Najua."

"Kibaya sana. Hakina hata chumvi."

"Najua. Samahani."

Akachota tena. Alikula bakuli zima, kijiko kwa kijiko, pua imekunjwa, anasema "kibaya" kila baada ya vijiko vitatu, na hakuna mtu mezani aliyegusa chake mpaka alipomaliza. Kisha akaomba maji. Kisha akaomba lile yai, na wifi akamsukumia sahani, akatoka ukumbini.

Mimi nilikuwa na aibu mpaka vidoleni, na bado niko nayo. Nilimtegea mtu, akanasa mtoto.

Jumamosi, 13 Aprili

Mtu lazima akae namba mbili, hawabadilishi. Nakaa mimi. Asubuhi gundi, mchana gundi, jioni gundi. Mama mkwe amenitazama nikimeza, akasema, "Ukimaliza hicho utakuwa umejifunza." Halafu akanisogezea kibakuli chake kimoja cha chumvi, mhudumu akiwa amegeuka.

Wifi haongei na mtu. Mtoto amekula wali, amekula yai, amepanda treni ya kupinduka na baba yake, ameshuka uso umepauka lakini hakutapika.

Jumapili, 14 Aprili

Asubuhi nilipeleka mashuka kwenye korido, nikamkuta wifi amekaa kwenye ngazi za dharura, viatu mkononi. Nilitaka kupita. Akasema, "Kaa." Amezoea kuamrisha. Nikakaa, ngazi mbili juu yake.

"Abaki kwenu," akasema. "Nimeshaongea na mdogo wangu. Sare nitarudisha."

"Asante."

"Usinishukuru, sijafanya kwa ajili yako. Sikupendi, wifi."

"Na mimi sikupendi."

"Vizuri." Akapangusa kiatu kwa kidole gumba, kiatu ambacho hakikuwa na vumbi. "Miaka miwili nampikia. Hata siku moja hakuniambia kibaya. Hata kizuri hakuniambia. Wewe umempa uchafu, anakuambia usoni, na bado anamaliza." Akageuza kiatu. "Mama yake alikuwa rafiki yangu kabla hajawa wifi yangu. Alinionyesha kila kitu, vipimo vyote. Nilidhani nimekishika." Akanigeukia, macho mekundu, bila ule usimamizi wake. "Wewe ndiye unayeosha ile mikebe. Niambie. Alikuwa anakula?"

Hapo sasa. Sentensi moja tu. Pipa, mfuko wa nailoni, tangu zamani. Daftari hili lilikuwa mfukoni mwa koti langu na siku saba zimeandikwa humo. Baada ya sufuria kufunikwa kwa vidole viwili, baada ya "mara ya pili" aliyomwambia mtoto siku ya harusi yangu, nilikuwa nadai sentensi hiyo, na ilikuwa tamu, niliihisi ulimini.

"Alikuwa anamaliza," nikasema. "Kila siku. Mikebe inarudi mitupu, wifi, hata kuosha ilikuwa kazi nyepesi."

Alilia hapo hapo, mdomo umefunikwa kwa mkono wenye kiatu. Sikumgusa. Nilimsubiri tu amalize, kama ninavyowasubiri wagonjwa. Alipomaliza akasimama, akavaa viatu, akanyoosha gauni. "Basi nitaendelea kuleta," akasema. "Mwili wake umezoea. Na hayo mayai mabichi mabichi unayompa yatamharibia tumbo."

"Lete, wifi."

Chumbani mtoto alikuwa anafunga begi lake, amekalia mfuniko ili zipu ifike. Akauliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia unamaliza."

Akafikiri, kama kawaida yake. "Sasa si ataleta zaidi?"

"Ataleta zaidi."

"Nani atakula?"

"Mimi," nikasema. "Na baba yako, hata kama kina maboga."

Alicheka mpaka zipu ikafunguka tena. Mimi sikuona kichekesho. Simpendi yule mwanamke, na kuanzia Jumapili ijayo nitakula chakula chake kila jioni, nitaosha mikebe, nitamrudishia ikiwa mitupu. Siku moja ataniuliza kama na mimi nimewahi kukionja, na nitamwambia sijawahi.